Kisenyi, Kampala: Maeneo ya Historia na Vivutio vya Asili Vilivyo Jirani na Soko

Mtaa wa Kisenyi, ulio katikati ya jiji la Kampala, unafahamika vizuri kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Kati. Hapo ndipo mahindi ya Uganda husagwa na kufungwa magunia ya unga unaosafirishwa hadi Sudan Kusini na kwingineko. Hapo pia hupatikana vipuri vya magari, vyuma vya kuchomelea, mashine za kusagia zilizotengenezwa na mafundi wa mtaani, pamoja na maduka na migahawa ya Wasomali. Mabasi ya kwenda mikoani na nchi jirani huondokea katika vituo vilivyo ndani ya mtaa huo au karibu yake.

Pamoja na umaarufu huo, wageni wengi wanaofika Kisenyi kwa shughuli za biashara huondoka bila kujua wamekanyaga ardhi ya namna gani. Mtu hukaa siku mbili au tatu akisubiri mzigo upakiwe, hati za forodha zikamilike au fedha ziingie benki, na muda wote huo huuzungukia mtaa ule ule. Ukweli ni kwamba ndani ya mwendo mfupi wa miguu kutoka Kisenyi kuna maeneo ambako historia ya Uganda, na hasa ya biashara kati ya pwani na maziwa makuu, iliamuliwa. Makala haya yanaeleza maeneo hayo, vivutio vya asili vilivyo kando ya barabara kuu zinazotoka Kampala, na mambo ambayo mfanyabiashara au msafirishaji anapaswa kuyazingatia.

Mahali Ulipo Mtaa

Kampala husifiwa kuwa jiji la vilima saba: Kampala Mzee, Mengo, Namirembe, Rubaga, Kasubi, Kibuli na Nsambya. Siku hizi jiji limeenea juu ya vilima vingi zaidi ya hivyo. Kisenyi hakimo katika orodha hiyo kwa sababu si kilima, bali ni bonde. Jina lenyewe kwa Kiganda linahusiana na ardhi ya chini iliyo tambarare na yenye majimaji. Upande mmoja kipo kilima cha Mengo, ambacho kilikuwa makao makuu ya ufalme wa Buganda, upande mwingine ni Kampala Mzee na Namirembe, na mbele yake ni Nakasero, ambako serikali ya kikoloni ilijenga ofisi zake.

Hali hiyo ya kuwa bondeni, kati ya mji wa Kabaka na mji wa wakoloni, ndiyo iliyokifanya Kisenyi kuwa mahali pa watu wa kuja. Vibarua, mafundi, wachuuzi na madereva walipanga vyumba huko kwa sababu ardhi ilikuwa ya bei nafuu na soko lilikuwa karibu. Wasomali walikuwapo Uganda tangu enzi za ukoloni, wengi wao wakiwa katika biashara ya mifugo na usafirishaji. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wengine wengi walifika wakiwa wakimbizi, na Kisenyi kikawa makao yao makuu mjini Kampala. Mgeni anayezungumza Kiswahili hapati taabu kubwa katika mtaa huu.

Nakivubo na Soko la Owino

Jirani kabisa na Kisenyi kuna Nakivubo, penye uwanja wa michezo ulioanza mwaka 1926 na ambao kwa miaka mingi ulikuwa kitovu cha soka la Uganda. Uwanja huo umejengwa upya katika miaka ya karibuni na sasa umezungukwa na maduka.

Kando ya uwanja lipo soko ambalo watu wengi huliita Owino, ingawa jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Lilianza mwaka 1971 na ni miongoni mwa masoko makubwa ya Uganda, likijulikana hasa kwa mitumba. Wafanyabiashara wake wamepata hasara za moto zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2009 na mwaka 2011, na jambo hilo ni somo kwa yeyote anayehifadhi mali yake ndani ya soko bila bima.

Jina la Balikuddembe lina historia inayowahusu moja kwa moja watu wa barabara. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa vijana wahudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Pili. Mwezi Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa kanisa la Kianglikana aliuawa huko Busoga alipokuwa akija Buganda. Kosa lake lilikuwa njia aliyopita. Misafara ya kutoka pwani wakati huo ilifika Buganda kwa upande wa kusini, kupitia Tabora na Karagwe au kwa kuvuka ziwa. Hannington aliamua kupita upande wa mashariki, katika nchi ambayo sasa ni Kenya, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa fupi zaidi. Wakuu wa Buganda waliogopa kwamba watakaoiteka nchi yao wangetokea upande huo.

Balikuddembe alimlaumu Kabaka kwa mauaji hayo, na tarehe 15 Novemba 1885 naye akauawa hapo Nakivubo. Anahesabiwa kuwa wa kwanza kati ya mashahidi 22 wa Kikatoliki wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Njia ile ya mashariki iliyomgharimu Hannington maisha yake ndiyo leo inayopitisha malori kutoka Mombasa kwa Malaba na Busia.

Kampala Mzee: Ngome, Makumbusho na Msikiti

Kutoka Kisenyi mtu akipandisha kuelekea kaskazini anafika kilima cha Kampala Mzee. Jina la jiji lilitokana na kilima hiki, ambako zamani swala wengi walionekana wakilisha. Mwezi Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alifika hapo kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza iliyokuwa na kibali cha kufanya biashara Afrika Mashariki, akajenga ngome. Kwa hiyo utawala wa Kiingereza nchini Uganda ulianza na kampuni ya biashara, na serikali ikafuata baadaye.

Tarehe 24 Januari 1892 vilizuka Vita vya Mengo kati ya Waganda wafuasi wa Waprotestanti na wafuasi wa Wakatoliki. Lugard aliwasaidia Waprotestanti, na bunduki yake ya Maxim ikafyatuliwa kutoka kilimani. Wakatoliki walishindwa na wengi walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Mapigano hayo yalipiganwa katika mabonde na miteremko hiyo hiyo ambayo sasa imejaa maduka.

Makumbusho ya Uganda yalianzia katika kilima hiki mwaka 1908. Tangu mwaka 1954 yapo katika jengo lake huko Kamwokya, na yanahifadhi ala za muziki, zana za kale na historia ya makabila ya nchi.

Juu ya kilima sasa umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda. Ujenzi wake ulianza enzi za Idi Amin katika miaka ya 1970, ukasimama kwa muda mrefu, na ukakamilishwa kwa msaada wa Libya. Ulifunguliwa rasmi mwaka 2008 na ulifahamika kwa jina la Gaddafi hadi mwaka 2013 ulipobadilishwa jina. Wageni wa dini zote huruhusiwa kuingia nje ya nyakati za ibada, kwa kulipa ada na kuongozana na mwenyeji. Wanawake hupewa mavazi ya kujisitiri. Anayepanda ngazi za mnara hadi juu huliona jiji lote kwa mara moja: mabati ya Kisenyi chini, kuta za Lubiri upande wa pili wa bonde, na siku ya mbingu safi hata Ziwa Viktoria.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, mahali hapa panakumbusha jambo jingine. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmad bin Ibrahim, alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Pili akitokea pwani. Waislamu wa Uganda huhesabu mwaka huo kuwa ndio Uislamu ulipoingia nchini mwao. Misafara iliyofuata ilileta nguo, shanga na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Pamoja na bidhaa kilifika Kiswahili, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alijifunza kukizungumza.

Mengo: Lubiri, Bulange na Suala la Ardhi

Upande wa kusini magharibi wa Kisenyi kuna kilima cha Mengo, na juu yake Lubiri, yaani ikulu ya Kabaka. Mwanga wa Pili alihamishia makao yake hapo mwaka 1885. Ndani ya kuta zake limo jumba la Twekobe na uwanja mpana.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alitoroka kwa kuruka ukuta, akapitia Burundi na hatimaye akaishi uhamishoni London, ambako alifariki mwaka 1969. Ufalme ulifutwa mwaka 1967 na Lubiri ikageuzwa kambi ya jeshi. Katika miaka ya Amin lilijengwa ghala la silaha chini ya ardhi, ambalo baadaye lilitumika kama gereza na mahali pa mateso. Vyumba hivyo vya zege bado vipo na wageni huonyeshwa. Si mahali pa mzaha, na anayekwenda na watoto afikirie kwanza.

Kutoka lango la Lubiri barabara iliyonyooka inaelekea kilima cha Namirembe hadi Bulange, jengo la Bunge la Buganda lililokamilika katika miaka ya 1950. Kando ya barabara hiyo zimewekwa sanamu za miiko ya koo za Buganda. Katikati yake pana mzunguko wa barabara uitwao Nantawetwa, maana yake asiyepinda. Magari yote huuzunguka, lakini Kabaka hufunguliwa geti akapita moja kwa moja. Baada ya mwaka 1966 Bulange ilitwaliwa na serikali ikaitwa Nyumba ya Jamhuri. Ilirudishwa kwa Buganda wakati falme ziliporejeshwa mwaka 1993, mwaka ambao Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa.

Mengo ina umuhimu wa pekee kwa mfanyabiashara anayetaka kununua au kukodi eneo Kampala. Tarehe 10 Machi 1900 ulitiwa saini Mkataba wa Buganda kati ya Waingereza na wakuu wa Buganda. Mkataba huo uliigawa ardhi kwa maili za mraba kati ya Kabaka, machifu na serikali ya kikoloni, na ndiyo sababu hadi leo ardhi ya namna hiyo huitwa mailo. Juu ya ardhi moja ya mailo anaweza kuwepo mwenye hati na, pamoja naye, mkaaji mwenye kibanja anayetambuliwa na sheria. Mtu anayelipia bohari au kiwanja bila kujua ni nani kati ya hao wawili aliyempokea fedha, anaweza kujikuta akidaiwa kodi mara ya pili au akitolewa. Kabla ya kutoa malipo ni vyema kuikagua hati katika ofisi ya ardhi, na kama eneo ni la Kabaka, kuuliza katika Bodi ya Ardhi ya Buganda.

Namirembe na Rubaga

Kilima cha Namirembe kina Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo la Waanglikana. Kanisa lililotangulia liliteketea kwa radi mwaka 1910, na hili la sasa la matofali lilijengwa kati ya mwaka 1915 na 1919. Chini yake kuna Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897 na daktari Albert Cook na ambayo ni kongwe kuliko zote nchini. Ni hapo ambapo wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda walitambuliwa mwaka 1901, wakati ugonjwa huo ulipoanza kuangamiza watu wa mwambao wa ziwa.

Kilima cha Rubaga ni cha Wakatoliki. Mutesa wa Kwanza aliwahi kuwa na ikulu hapo, na baadaye Mwanga aliwapa ardhi hiyo mapadre wa Kifaransa waliofika Buganda mwaka 1879. Mmoja wao, Padre Lourdel, Waganda walimwita Mapeera, kwa jinsi walivyosikia neno la Kifaransa la kumwita padre. Kanisa kuu la sasa lilikamilika mwaka 1925, na ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi kuwa askofu wa Kikatoliki, mwaka 1939.

Makanisa yote mawili yapo wazi kwa wageni siku za kawaida, na kutoka Kisenyi bodaboda huchukua dakika chache.

Ziwa la Kabaka na Mfereji wa Nakivubo

Kati ya Mengo na Ndeeba kuna ziwa dogo linaloitwa Ziwa la Kabaka. Halikuumbwa na maji ya asili bali lilichimbwa kwa amri ya Mwanga katika miaka ya 1880. Inaelezwa kuwa alikusudia kuliunganisha na Ziwa Viktoria upande wa Munyonyo ili mitumbwi yake ipite. Kazi hiyo ilifanywa kwa kulazimishwa, wakuu na raia wakitiwa kwenye tope bila kujali cheo, na chuki iliyozaliwa hapo ilichangia kumwondoa Mwanga madarakani mwaka 1888. Mfereji wa kwenda ziwa kuu haukukamilika. Ziwa lenyewe limebaki, na ni mahali pa utulivu ambapo ndege wa majini huonekana hasa asubuhi na jioni.

Mfereji mwingine unawahusu zaidi watu wa Kisenyi. Nakivubo ni kijito kilichojengewa kingo za zege, kinachopokea maji kutoka karibu vilima vyote vya katikati ya jiji. Hupita jirani na soko na vituo vya mabasi, kisha hutiririka kuelekea Luzira, hupita katika ardhi oevu ya Nakivubo yenye mafunjo, na kumwagika katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi mafunjo hayo yamefanya kazi ya chujio, yakipunguza uchafu kabla maji hayajafika ziwani. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo sasa imejengwa au kulimwa magimbi. Ni katika ghuba hiyo hiyo ambapo mitambo ya Ggaba huchota maji ya bomba ya Kampala.

Maana yake ni rahisi. Mafuta machafu yanayomwagwa gereji, mifuko ya plastiki na taka za sokoni vinavyotupwa mferejini havipotei. Mvua kubwa inaponyesha, taka huziba njia na maji hurudi juu, yakaingia madukani na kwenye mabohari ya bondeni. Baadaye yale yaliyobaki hufika ziwani, na sehemu yake hurudi mjini kwa bomba. Mwenye kuhifadhi unga au saruji Kisenyi ahakikishe magunia yamewekwa juu ya mbao na si sakafuni, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba.

Makaburi ya Kasubi

Kasubi ni umbali wa kilomita zipatazo tano kutoka katikati ya jiji. Ilikuwa ikulu ya Mutesa wa Kwanza iliyojengwa mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 ikawa mahali pa kuzikia wafalme. Makabaka wanne wamelala hapo: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Mwanga alifia uhamishoni visiwani Shelisheli mwaka 1903 na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910, na Mutesa wa Pili alirudishwa kutoka Uingereza mwaka 1971.

Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni ya msonge na imeezekwa kwa nyasi. Ndani, sehemu ya makaburi hutenganishwa kwa mapazia ya vitambaa vya magome ya mti wa mutuba, ufundi wa Waganda ambao nao umetambuliwa na UNESCO. Kasubi iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto, na mwaka huo huo Kasubi ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ya kuijenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa kila hatua ilipaswa kufuata miiko ya koo zinazohusika na ufundi wa jadi wa kuezeka. Mwezi Septemba 2023 iliondolewa katika orodha ya hatari.

Kwa Waganda, Kasubi ni makaburi yanayoishi, yenye walinzi na taratibu zake. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia, wanawake huvaa nguo ndefu au kujifunga kitambaa kiunoni, na picha hupigwa kwa ruhusa tu. Mgeni anashauriwa kuuliza kwanza ni sehemu zipi zimefunguliwa siku hiyo.

Vivutio vya Asili Kando ya Barabara Kuu

Vivutio vifuatavyo viko kando ya barabara ambazo wasafirishaji huzipita kila wiki, hivyo havihitaji safari ya pekee.

Barabara ya Jinja kuelekea Malaba na Busia. Baada ya Mukono kuna Namawojjolo, penye wauzaji wa kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, ambapo madereva wengi husimama. Mbele kidogo, kwa njia ya kando, yapo Maporomoko ya Ssezibwa, ambayo ni mahali patakatifu kwa Waganda na watu huenda kuomba na kutoa sadaka. Kisha barabara huingia Msitu wa Mabira wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 300. Mwaka 2007 mpango wa serikali wa kutoa hekta 7,100 za msitu huo kwa kilimo cha miwa ulizua maandamano mjini Kampala ambapo watu walipoteza maisha, na mpango ukasimamishwa. Jinja, kilomita 80 hivi kutoka Kampala, ndipo Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria. Maporomoko ya Ripon yaliyoonwa na John Speke mwaka 1862 yalizama baada ya bwawa la Owen, ambalo sasa huitwa Nalubaale, kufunguliwa mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali nayo yalifunikwa na maji ya bwawa jipya lililozinduliwa mwaka 2012. Tangu Oktoba 2018 magari huvuka kwa daraja jipya la nyaya.

Barabara ya Masaka kuelekea Mutukula na Katuna. Mpambire, wilaya ya Mpigi, ni kijiji cha mafundi wa ngoma, na ngoma huuzwa kando ya barabara. Jirani yake ni Msitu wa Mpanga. Huko Kayabwe barabara hukatiza mstari wa Ikweta, penye alama na maduka ya vinyago. Baada ya hapo huja ardhi oevu ya Lwera. Mwezi Mei 2023 maji ya Mto Katonga yaliikata barabara hii, na malori ya kwenda Tanzania na Rwanda yakalazimika kuzunguka kupitia Gomba na Sembabule. Uchimbaji wa mchanga na uharibifu wa maeneo oevu ya huko umelalamikiwa kwa miaka mingi. Wasafirishaji ndio wanaolipa gharama yake kwa mafuta na siku zilizopotea.

Barabara ya Gulu kuelekea Elegu. Huko Nakitoma ipo Hifadhi ya Ziwa, ambako vifaru walirudishwa baada ya kutoweka Uganda katika miaka ya vita. Mbele ni Karuma, ambapo Naili hupita kwa kasi kwenye mawe. Daraja la hapo lilifungwa kwa miezi kadhaa mwaka 2024 kwa matengenezo. Nyani hukaa barabarani wakisubiri chakula, na kuwatupia ndizi ni kuwafundisha kugongwa na magari.

Upande wa ziwa, Port Bell huko Luzira ni bandari iliyopokea mizigo ya meli kutoka Kisumu kabla ya reli kufika Kampala mwaka 1931. Meli ya mabehewa, MV Umoja, ilirejesha safari kati ya Mwanza na Port Bell mwaka 2018.

Mambo ya Kuzingatia

Kuhusu muda: Msikiti wa Taifa, Lubiri na Bulange vinaweza kutembelewa kwa miguu asubuhi moja kutoka Kisenyi. Kasubi na Rubaga vinafaa mchana kwa bodaboda. Nauli ipatanwe kabla ya kupanda.

Kuhusu gari: malori na mabasi yaachwe katika maegesho yenye mlinzi na risiti. Vichochoro vya Kisenyi ni vyembamba na kugeuza gari huko ni shida.

Kuhusu fedha: mgeni asitembee na fedha za mzigo anapozuru. Simu na pochi viwekwe mfuko wa mbele, hasa Owino na kwenye vituo vya mabasi.

Kuhusu waongozaji: katika Lubiri na Kasubi wapo waongozaji waliowekwa na ufalme. Tiketi zikatwe langoni, si kwa mtu anayejitolea barabarani.

Kuhusu tarehe: tarehe 3 Juni kila mwaka ni Siku ya Mashahidi, na mahujaji kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo huenda Namugongo, wengi wao kwa miguu. Siku chache kabla na baada ya hapo msongamano huwa mkubwa katika barabara ya Jinja na vyumba vya kulala hujaa. Mwenye mzigo wa haraka aupange upite Kampala kabla ya tarehe 1, au asubiri hadi mahujaji warudi makwao.